Benchi Lililokataa Kushiba

Ukishuka Dagoretti Corner, ukaiacha stendi mgongoni, ukapita duka la betri na yule jamaa wa kuziba pancha, utakuta benchi. Usilitafute kwa uzuri. Ni mbao mbili zilizopigiliwa juu ya fremu ya kiti cha basi, na mguu mmoja umewekewa kipande cha tofali ili lisiyumbe, na bado linayumba. Mbele yake kuna jiko la Kalekye, juu ya jiko kuna birika, na ndani ya birika kuna kahawa chungu yenye tangawizi ambayo imewachelewesha wengi kazini. Hapo ndipo mambo ya nchi hii huamuliwa kila alasiri. Yakishaamuliwa, watu hupangusa vumbi nyuma ya suruali na kwenda zao nyumbani, na nchi huendelea bila habari. Jumamosi hiyo Hiral alifika akiwa na haja moja tu moyoni: watu wa benchi wasiseme jambo lolote jipya.

Ni ombi la ajabu kwa mtu anayetembea na simu ya kurekodi. Lakini sikiliza kwanza, usije ukadhani msichana wa watu ameingiwa na wazimu.

Hiral ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika kliniki moja ya Upper Hill, juu kabisa ya jengo refu, na jioni ni mwanafunzi wa shahada ya pili. Swali lake alilipata kazini. Mgonjwa analetwa na bega. Unalinyoosha, unalikanda, unamfanyisha mazoezi ya mpira na kamba mpaka bega linapona kabisa. Unampa mkono, unamwambia hongera, huna haja ya kurudi. Haupiti mwezi, huyo hapo mlangoni na goti. Goti likipona, kiuno. Kiuno kikipona, shingo. Picha za eksirei hazionyeshi kitu. Hiral akajiuliza: kwa nini mtu aliyepona hurudi na maumivu mapya?

Wenzake darasani walibuni majibu kwanza, wakayapanga kwenye dodoso, wakawapa watu waweke alama, wakamaliza na kwenda kupiga picha za mahafali. Hiral akachagua njia ndefu. Njia hiyo inataka uingie mikono mitupu, bila jibu mfukoni. Unasikiliza watu, unachukua walichosema kipande kwa kipande, kila kipande unakipa lebo, kisha unalinganisha kipande na kipande mpaka maelezo yachipuke yenyewe kutoka kwenye maneno yao. Unarudi, unasikiliza tena, unalinganisha tena. Ukifika siku ambayo husikii tena jipya, msimamizi wake, Daktari Mwendwa, huiita siku hiyo kushiba. Data imeshiba, unafunga, unaandika.

Shida ni kwamba benchi hili lilikataa kushiba. Hiral alikuwa amehojiana na wagonjwa kliniki, akaona wanamjibu kwa adabu mno, kisha mmoja wao akamwambia aje hapa, kwamba kliniki watu husema maneno ya kliniki. Akaja. Tangu siku hiyo, kila alipodhani amefika mwisho, benchi lilimtolea jambo ambalo hakuwahi kulisikia maishani. Ukuta wa chumba chake huko Muthangari ulijaa karatasi za manjano, hata mamaye akamuuliza kama siku hizi anatafuta wezi.

Jana yake, Ijumaa, Daktari Mwendwa alikuwa amesema bila kupandisha sauti:

— Hiral, Jumatatu asubuhi uniletee jambo moja kuu linalobeba mengine yote. Ukilikosa, tunaachana na njia hii. Utachukua dodoso la idara kama wenzako, na utaanza upya mwaka ujao.

Kuanza upya! Kazi yote ile, karatasi zote zile, zitupwe. Hiral alilia kidogo ndani ya gari, hilo halina aibu. Kisha akajipangusa, akajitazama kwenye kioo, akasema kwa sauti, "Naweza." Na ndivyo alivyo, si mtu wa kuanguka mara mbili kwa jambo moja. Alihitaji alasiri moja tu ya watu kurudia waliyokwisha kuyasema.

— Niaje, wazee wangu?

— Poa sana, daktari! Kaa hapa, hapa haina msumari.

Huyo aliyempisha ni Tarlochan Singh, ila ukimwita hivyo kona nzima itakuuliza unamtafuta nani. Jina lake ni Spana. Ana duka la vipuri vya magari, kilemba chake hakikosi pasi hata siku moja, na Kiswahili chake alikiokota gereji tangu utotoni, kwa hiyo hakuna kijana wa stendi anayeweza kumfundisha Sheng. Mkewe, Parminder, alifariki mwaka juzi. Mwanawe yuko Kanada. Ndiye yule mgonjwa wa bega aliyerudi na goti, na ndiye aliyemwalika Hiral hapa. Humwita beti, yaani binti kwa lugha ya kwao.

Kando yake alikaa Musili, mtumishi wa serikali aliyestaafu, anayekumbuka kila neno lililowahi kusemwa na kila mtu, na nani alikuwa amekaa wapi. Wakambandika jina la Hansard, kama zile kumbukumbu za Bunge. Mgongo wake ulipona kliniki kwa Hiral, halafu ukafuata mkono. Na Kalekye, mwenye birika, huitwa Waziri, kwa sababu ndiye anayeamua nani apewe kikombe cha pili na nani arudi nyumbani akatafakari.

Hiral aliweka simu juu ya ubao, akabonyeza irekodi.

— Leo sina swali jipya, alisema. Nataka turudie tu. Mlisema maumivu yanarudi kwa sababu ya baridi. Mlisema ni uzee. Uncle Spana alisema ni kama gari, ukitengeneza mbele inaanza kulalia nyuma. Mkiniambia hayo hayo, nitashukuru sana.

Wale watatu walitazamana. Spana akakohoa.

— Ni kweli kabisa, beti. Hii baridi ya Julai, ikishaingia kwa goti—

Kalekye aligonga jiko kwa koleo, kwa nguvu, makaa yakaruka.

— Hiyo ulisema! Tena ulisema ukiwa umekaa hapo hapo.

— Nimesema? Pole. Sijasema kitu.

— Point of order! Hansard alisimama nusu, kama kawaida yake. Bunge haliwezi kurudi kwa hoja iliyofungwa. Baridi ilifungwa. Uzee ulifungwa. Sasa hivi tuko na hoja mpya kabisa, na iko na uzito. Daktari, ni lifti.

Hiral alifumba macho.

— Lifti imefanya nini, mzee?

— Lifti ya jengo lenu inakimbia. Sasa, mtu ameumbwa na nyama na mifupa. Nyama ni nyepesi. Lifti ikipanda, nyama inafika kwanza, mifupa inafuata pole pole. Kwa hivyo ukifika kule juu lazima ukae kwa viti ungoje mifupa yako.

— Ningoje mifupa yangu?

— Si wewe, wagonjwa! Wewe ni kijana, mifupa yako ina haraka. Mgonjwa akiitwa mapema, anatibiwa mifupa ikiwa bado kwa ghorofa ya nne. Anarudi nyumbani imechanganyika. Hiyo ndiyo goti inakuwa kiuno. Mimi nilikuwa naambia wenzangu pale, msikimbilie kuitwa. Tukae, tupige stori, mifupa ifike.

— Hiyo ni sayansi, Kalekye alisema kwa kujiamini, akimjazia kikombe.

Hiral aliangalia simu yake ikirekodi. Lifti. Alikuwa na karatasi ukuta mzima, na hakuna hata moja yenye lifti. Akajilazimisha kutabasamu. Daktari Mwendwa alikuwa amemfundisha, katika siku za amani, kwamba asitupe chochote anachoambiwa. "Hata uongo ni data," alisema. "Mtu hachagui uongo wake ovyo." Basi Hiral akanywa kahawa, akasubiri benchi lichoke.

Benchi halikuchoka.

— Mimi nakataa lifti, Kalekye alisema, akikaa juu ya kreti yake na kukunja leso magotini. Hansard ni msomi lakini hapo ametupotosha. Ni kiti.

— Kiti gani, mama? Hiral aliuliza kwa sauti ya mtu anayejua jibu litamuumiza.

— Kile cha kungojea. Mtu wa goti anakaa, anaitwa, anainuka. Wewe unakuja unakaa hapo hapo, kiti bado kina joto. Hiyo joto unafikiri ni ya nini? Umeachiwa goti!

— Kabisa! Spana alipiga paja. Mimi nilikaa mahali ya Shem. Unamkumbuka Shem, beti, yule mrefu wa goti? Tulikuwa tunawekeana nafasi. Yeye akiitwa, mimi naingia kwa kiti yake. Siku hiyo hiyo, goti!

— Uncle, uliniambia goti lilianza nyumbani.

— Lilianza nyumbani. Lakini nilitoa kwa hiyo kiti.

Hapo akafika mtu mgeni. Alikuwa kijana wa shati la ofisini, tai imelegezwa, na gari lake lilikuwa limezimika hapo mbele, fundi wa betri ameinama ndani yake mpaka kiunoni. Alisema anaitwa Quincy, anauza bima, na akauliza kama anaweza kukaa akingoja. Kalekye akamtazama viatu, akamtazama uso, akampa kikombe. Hiyo ni zaidi ya wengi wanavyopata siku ya kwanza.

— Mnajadili nini, wazee wangu?

— Utafiti, Hansard alijibu, akijinyoosha shati. Wa chuo kikuu. Inaitwa grounded theory.

— Ndiyo nini hiyo?

— Theory za kawaida zinatoka juu, kwa maprofesa, zinashuka kwetu zikiwa zimepoa. Hii inatoka hapa chini, kwa watu, inapanda. Huyu daktari anachukua maneno yetu, anayakata kata, anayalinganisha. Akisikia jipya, anarudi. Akiona tumeanza kurudia rudia, amemaliza. Anafunga, anaenda kuandika kitabu.

— Noma, Quincy alisema. Na mmefika wapi?

— Tuko kwa kiti.

— Tumetoka kwa kiti, Spana alisema haraka. Tuko kwa televisheni.

Hiral alimgeukia polepole.

— Uncle. Kuna televisheni pia?

— Si iko ukutani pale mnapotungojeza? Mnaiweka bila sauti. Sasa mtu anaona waziri anaongea, hasikii. Lazima aulize jirani, "Amesema nini?" Jirani naye hajasikia, anauliza wa upande ule. Shingo inaenda kushoto, inaenda kulia, asubuhi nzima. Si shingo itauma? Mimi nakwambia, mkiweka sauti, nusu ya wagonjwa watapona na pale ndani itakuwa kimya kama kaburi.

— Hapo umeongea, Hansard alikubali. Ila swali la msingi linabaki. Kwa nini maumivu yenyewe hayaishi? Yanahama tu. Bega, goti, kiuno. Nani anayahamisha?

— Hayahamishwi, Kalekye alisema. Yanajihamisha.

— Endelea, Waziri.

— Maumivu ya Spana yalikaa kwa zile viti na maumivu ya Shem, na ya yule mama wa kifundo, na ya Hansard. Yakazoeana. Yakajuana majina. Sasa huyu msichana wangu, Mungu ambariki, ni hodari, akalitoa lile la bega. Likatupwa nje peke yake. Halina mtu. Linazunguka usiku kucha ndani ya Spana likitafuta pahali pa kuingilia, lipate goti, lirudi kwa wenzake.

Benchi lilipasuka kwa kicheko. Hansard alicheka mpaka akafuta machozi. Quincy alimwaga kahawa kwenye tai. Hata fundi wa betri aliinua kichwa kuona kuna nini. Spana peke yake hakucheka. Alikuwa anakitazama kikombe chake kana kwamba kimemwita kwa jina.

Naye Hiral alikuwa amefika mwisho wa uvumilivu wake.

— Jamani! alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. Nyinyi mtanimaliza! Lifti, kiti, televisheni, sasa maumivu yana marafiki! Kila nikija kuna jipya. Mnajua maana yake? Nikisikia jipya siwezi kufunga. Jumatatu nitaambiwa nianze upya, mwaka mzima, kwa sababu yenu. Kila siku itabidi nirudi hapa!

— Si ndiyo, Kalekye alisema.

Maneno yalimtoka kwa furaha kabisa, kabla hajayakamata. Kisha akashika mdomo. Hansard akaanza kuchunguza kucha zake. Spana akainama kuangalia lile tofali la mguu wa benchi, ambalo halikuwa na shida yoyote mpya.

Quincy alitazama uso huu, akatazama ule. Hakuwa na habari na mambo ya watu. Aliuliza tu kama mtu anavyouliza saa ya kufunga duka:

— Pole, mimi ni mgeni. Kwani dada akishamaliza huo utafiti, amekatazwa kuja?

Spana aliendelea kulichunguza tofali.

Hansard, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, alirudi kwenye kucha zake. Kalekye akachochea makaa yasiyohitaji kuchochewa. Hiral mwenyewe hakuwahi kulifikiria swali hilo. Kichwani mwake, siku ya kushiba ilikuwa siku ya kusema asanteni, kupeana mikono, kuondoka. Ndivyo kazi inavyokwisha.

— Mliambiana, alisema mwishowe. Mlipanga.

— Kamati iliketi, Hansard alikiri, kwa heshima zake zote. Ile siku ulitueleza kwamba tukirudia maneno, umemaliza. Uliposhika njia tukasema, wah, huyu ataenda. Tukapeana zamu. Leo lifti ilikuwa yangu.

— Na mimi nilikuwa nimepewa kiti, Kalekye alisema. Ya marafiki ilikuja yenyewe tu.

— Kwa hiyo mmekuwa mkinidanganya.

— Tulikuwa tunakutengenezea, Spana alisema kwa sauti ya chini. Ukituuliza wewe, unasikiliza mpaka mwisho. Watu wa kusikiliza mpaka mwisho si wengi, beti.

Hasira ilimpanda Hiral kwanza, hasira ya kweli. Alasiri zote hizo! Karatasi zote zile za manjano, na nusu yake ni hadithi za kutungwa zamu kwa zamu na watu wazima wenye wajukuu. Angemwambia nini Daktari Mwendwa? Aliinyakua simu yake kutoka kwenye ubao, akataka kuinuka, aende akalie garini tena.

Lakini hakuinuka. Aliyejifunza kulinganisha hawezi kuacha kulinganisha hata akikasirika, na kichwa chake kilikuwa kimeanza kazi bila kumwomba ruhusa. Hata uongo ni data. Mtu hachagui uongo wake ovyo. Basi wamechagua upi?

— Ngojeni, alisema. Ngojeni kwanza. Lifti. Mzee Hansard, kwenye hadithi yako watu wanakaa wapi?

— Kwa viti vya kungojea. Mifupa ifike.

— Wanafanya nini?

— Wanapiga stori.

— Mama, joto la kiti. Kiti gani?

— Si nimekwambia? Cha kungojea.

— Na televisheni iko wapi? Kwenye viti vya kungojea. Na watu wanafanya nini? Wanaulizana, "Amesema nini?" Na yale maumivu yako, mama, yalijuana wapi? Kwenye viti. Wazee wangu, nyinyi mngeweza kutunga uongo mahali popote. Mngesema ni kitanda changu, ni mashine, ni mafuta ya kukanda, ni mimi nawavunja. Hakuna hata uongo mmoja uliofika mpaka chumba changu! Wote umeishia pale nje.

Alikuwa amesimama sasa, na mikono inazungumza. Yale maneno ya mwanzo kabisa, ya wagonjwa wa kliniki, yalikuwa yanamrudia moja baada ya jingine. Yule mama wa kifundo alisema, "Pale wananijua jina." Shem alisema, "Nisipokuja wataniuliza." Mwingine, "Walikuwa wameniwekea nafasi." Hiral aliyapa lebo ya adabu, akayabandika chini karibu na soketi ya umeme, akayasahau. Aliyadhani maneno ya kusindikizia tu. Kumbe jibu lilikuwa limekaa pale pale kwenye viti, likingoja kuitwa.

— Na mimi ndiye niliyewaambia msirudi, alisema. Nawapa mkono, nasema hongera. Mtu anayeambiwa amepona anafukuzwa kutoka kwa wenzake. Sasa atarudi vipi? Pale hawaingizi mtu bila kuumwa. Lazima atafute sababu ya kurudi.

Hiral akamgeukia Spana, akauliza taratibu, kama anavyomuuliza mgonjwa anapogusa mahali penyewe:

— Uncle, lile goti lilikuwa linauma kweli?

Spana alirekebisha kilemba ambacho hakikuwa kimekwenda upande wowote.

— Lilikuwa linauma, beti. Sikukudanganya hapo. Nyumbani, jioni, unakuta nimewasha taa zote na bado naona giza, linauma mpaka nashindwa kupanda ngazi. Asubuhi nakuja kliniki. Nikikaa pale kwa viti, Shem ananiuliza, "Umeamkaje, Singh?" Linaacha. Linaacha kabla hujaniita.

Hiral alikaa tena. Aliona uchungu na furaha vikimpanda kwa pamoja, na hakujua kipi akitangulize, kwa hiyo akamshika mzee mkono na kukaa hivyo. Jambo moja kuu linalobeba mengine yote. Alikuwa nalo. Hakuhitaji mtu kumthibitishia, ingawa Jumatatu angelifikisha kwa Daktari Mwendwa akiwa amenyoosha mgongo, akimweleza mpaka na uongo wenyewe, zamu kwa zamu, na vile ulivyojipanga mstari mmoja bila waliousema kujua. Kisha angerudi kliniki kuwauliza wale wengine, kuona kama linasimama. Lingesimama. Alilijua kama anavyojua kwa vidole msuli ulipokaza.

— Kwa hivyo tumepita? Hansard aliuliza.

— Mmepita, mzee. Kamati yenu imefanya kazi nzuri kuliko mlivyotaka.

— Iingie kwenye rekodi.

Kalekye aliinua birika, akalitikisa, akamimina kilichobaki kwenye kikombe cha Hiral. Yalitoka matone na machicha ya tangawizi.

— Imeisha, alitangaza. Waziri amefunga ofisi.

Ikawa ile saa ambayo kwa kawaida Hiral huzima simu, akasema asanteni, akapanga siku ya kurudi. Wote watatu walijua, na wote watatu wakajifanya hawaangalii. Spana ndiye aliyejikaza.

— Sasa Jumanne utakuja na swali gani? Eti kuna swali lingine?

— Sina swali, Uncle.

— Hakuna hata moja?

— Hakuna. Nitakuja tu.

Spana alifikiri kidogo. Akainama, akalisogeza lile tofali la mguu wa benchi, akalisukuma kwa kiatu mpaka likakaa sawasawa.

— Basi wahi, alisema. Hapa hujaa.

Mbele ya duka la betri, fundi aliifunga boneti kwa kishindo, akapangusa mikono, akapaza sauti:

— Mkubwa! Gari imeshika! Iko tayari, unaweza kwenda!

Quincy alimwangalia. Akaliangalia gari lake, ambalo lilikuwa linanguruma vizuri tu. Akakitazama kikombe chake, ambacho kilikuwa kitupu kitambo, halafu Hansard, aliyekuwa ameshaanza kumweleza Kalekye kwa nini bima ya kwanza duniani ilibuniwa Kitui. Quincy alijisogeza kidogo kwenye ubao, akaegemea vizuri.

— Hebu angalia na taa za nyuma! alijibu kwa sauti. Naona kama zinasumbua!

Hiral alimsikia, akabonyeza simu kuzima rekodi. Hilo halikuwa jipya.